Marahaba Sita

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, niligonga mlango wa mshauri wangu wa masomo. Kila chuo kina utaratibu huu: kabla hujaandikisha kozi za muhula unakwenda kwa mwalimu uliyepangiwa, anaangalia ulichochagua, anakushauri, anasaini. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa, akanitazama, akasimama wima kama askari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe ni wewe!"

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mnaonijua mnajua nilivyofika hapo, lakini wageni wapo. Ujanani, nilipomaliza darasa la saba, nilipewa mafunzo mafupi nikafundisha shule ya msingi kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Meru. Baadaye nikaja mjini, nikawa mtunza stoo kiwandani. Miaka kumi na saba nilisoma historia katikati ya marobota, nikafanya mitihani yote ya sekondari kama mtahiniwa binafsi. Kikaja kipindi cha ruksa, biashara ikaachwa huria. Kiwanda kikauzwa, nasi tukapewa kiinua mgongo na kuonyeshwa geti. Lakini ruksa hiyohiyo ilileta vyuo vya binafsi, na kimoja kilikuwa chini ya mlima wetu. Kiinua mgongo kililipa mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata mlinikopesha ninyi, hapa hapa Sombetini, na mke wangu akauza ng'ombe wake.

Huyu mshauri alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Sasa alikuwa na shahada mbili.

"Kaa hapa, mwalimu," aliniambia, akanivutia kiti chake chenye mto. "Hicho cha wageni mguu wake umelegea."

Nikakaa nyuma ya meza yake. Yeye akakaa kwenye kiti kibovu, mikono magotini. Mwenyekiti, unacheka, na mimi ningecheka. Lakini siku ile niliona ndivyo inavyotakiwa.

Nilimpa fomu nikiwa nimeshaijaza. Akaisoma polepole.

"Mwalimu, hapa kuna kozi ya Mbinu za Utafiti wa Historia. Na hii ya Uandishi wa Kitaaluma. Sijaziona."

"Hizo ni za watoto waliotoka shule juzi. Mimi nilianza kusoma historia wewe ukilia ukinyimwa uji."

"Ni kweli. Ila..."

"Ila nini?"

"Labda mwaka wa pili?"

"Tutaona."

Akasaini. Muhula uliofuata ikawa vilevile: shikamoo, marahaba, kiti chenye mto, saini. Mihula sita. Kila mara alianza sentensi kwa "ila", na kila mara nilimuuliza habari za mama yake. Nilijua alichotaka kusema. Nawaambia kweli, nilijua. Nilitumia shikamoo yake kama mtu anavyotumia komeo.

Dalili zilikuwepo. Niliandika insha ndefu kuhusu mfereji wa maji wa kijiji chetu, kwamba ulichimbwa na babu yangu. Mwalimu wa somo akanirudishia na neno moja pembeni: "Umejuaje?" Nikaona ni utovu wa adabu.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu orodha ya wahitimu ilibandikwa ukutani. Niliisoma kutoka juu, kisha kutoka chini. Jina langu halikuwemo. Karani wa mitihani hakuinua hata macho.

"Mzee, una upungufu wa kozi mbili za lazima."

Nilikuwa nimeshanunua suti. Mke wangu alikuwa amekodi turubai. Ninyi mlikuwa mmechangishana kreti za soda. Nikaja mbele yenu, nikasimama pale alipokaa mama wa duka la mbegu, nikasema mahafali yameahirishwa na uongozi wa chuo. Mkanipa pole. Mmoja wenu akalaani chuo kwa niaba yangu. Ulikuwa uongo. Mahafali yalifanyika siku yake, na muziki wake niliusikia nikiwa nje ya uzio, nimevaa suti ile kwa sababu niliondoka nyumbani nikimwambia mke wangu nakwenda kufuatilia tarehe mpya.

Kesho yake nilikwenda kwa mshauri. Shikamoo yake sikuiitika. Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

"Ulisaini!" nikamwambia. "Mara sita! Mshauri gani wewe unayemtazama mtu mzima akitumbukia shimoni? Kwa nini hukuniambia?"

Aliufunga mlango. Halafu akasema, bila hasira:

"Mwalimu, mara ya mwisho kukusahihisha nilikuwa darasa la tano. Uliniambia nyoosha mkono."

Nilikuwa nakumbuka. Nilikuwa nawafundisha kwamba mfereji wa kijiji ulichimbwa na babu yangu. Mtoto mmoja mwembamba akanyoosha kidole: "Bibi yangu anasema babu yako aliukuta unatiririka." Darasa likacheka. Nikamchapa fimbo mbili kiganjani, nikamwambia mtoto habishani na mkubwa. Jioni ile nilimuuliza baba yangu. Baba akacheka sana. "Babu yako? Yule alinunua zamu yake ya maji kwa mbuzi mmoja, na mbuzi mwenyewe alikuwa kilema."

Kwa hiyo nilijua tangu jioni ile. Sikurudi darasani kusema. Miaka ishirini baadaye nikauandika uongo uleule kwenye karatasi ya chuo kikuu, na mtoto niliyemchapa kwa ajili yake akawa ndiye mshauri wangu, anaogopa kufungua mdomo.

Niliinuka kwenye kile kiti chenye mto. Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kile kilicholegea mguu. Kweli kilikuwa kinayumba.

"Bibi yako alisema kweli," nikamwambia. "Nilimuuliza baba jioni ileile. Nisamehe."

Aliangalia kiganja chake, sijui kama alijua anakiangalia.

"Na mimi nimekosa," akasema. "Kukuambia ilikuwa kazi yangu, nalipwa kwa hiyo. Niliona aibu kukuaibisha."

"Sasa naomba unishauri."

Akavuta kiti chake, akakaa mahali pake. "Basi tukubaliane. Humu ndani sitakuamkia. Ukivuka mlango huo shikamoo yako utaikuta palepale. Sasa nieleze, mfereji ulichimbwa na nani, na umejuaje?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli pale chuoni.

Usiku nilimweleza mke wangu yote, hata habari ya uzio. Alisafisha taa, akasema, "Ng'ombe simpati tena. Ila hiyo suti usithubutu kuiuza. Utaivaa." Kisha nilikwenda kwa viongozi wa kikundi, nao wakanipa muda zaidi na mkopo mwingine, wakakubali niwaeleze wengine nitakapokuwa tayari. Imenichukua muda. Nimekuwa tayari leo.

Mwaka wa ziada nilisoma zile kozi mbili, benchi moja na vijana. "Mzee, na wewe umerudishwa?" waliniuliza. "Nimerudishwa," nikajibu, wakanisogezea nafasi. Nilipanda mlimani mara nyingi, nikauliza wazee wa koo tatu, wanaume na wanawake, habari za mfereji, nikalinganisha. Katika insha mpya babu yangu nilimpa sentensi moja, pamoja na mbuzi wake. Nilifaulu. Suti niliivaa. Turubai hatukukodi.

Namshukuru mke wangu, nawashukuru ninyi mliochangia soda zangu na kudanganywa, namshukuru mshauri wangu. Nilichojifunza ni hiki: ukiona hakuna anayekusahihisha, usidhani hukosei. Huenda wanaokuzunguka wamekwisha kukujua.

Sababu ya kusema haya leo ni hii. Mwezi uliopita mweka hazina wetu, binti mdogo kuliko sote, alisimama kutueleza jambo kuhusu mikopo. Mmoja wetu akamkatiza: "Kwanza amkia wakubwa." Akaamkia. Tukaitika kwa sauti, tukacheka, na mimi nilicheka. Binti akakaa, hakusema tena. Naomba leo asimame yeye kwanza, na tusimdai salamu.

Wakati anajiandaa, nimalizie hesabu yangu. Ng'ombe simhesabu, huyo ni wa mke wangu. Ada ya mwaka wa ziada, nauli ya mwaka huo na riba niliyowalipa kwa mkopo wa pili, nimejumlisha mara mbili. Nilipokea shikamoo sita bila ushauri, nikaitika marahaba sita. Zilinigharimu shilingi laki nne na elfu kumi na nne.