Wasifu wa Mama Mkaguzi, Aliyetibiwa Nyumbani Kwake

Wapendwa waombolezaji, wasifu huu nimeuandika mimi, kitinda mimba wake. Kaka zangu wameukagua neno kwa neno kabla sijapewa kipaza sauti, maana kwetu kuaminiana ni kazi. Tumerithi.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, binti wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha shule baba yake alipougua.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akawa mkaguzi wa langoni. Aliwapapasa wafanyakazi wanawake wakitoka, asije mtu akapita na kitambaa kiunoni. Alimkagua hata dada yake wa tumbo moja, na akamkuta nacho! Hawakusemeshana mwaka mzima.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, aliyetutangulia mwaka 2009. Baba alikuwa akigeuza mifuko yake nje kabla hata hajabisha hodi.

Mwaka 2019 Mama alianza kuugua akili. Alisema watu wanaingia chumbani kumbadilishia mashuka, na kwamba mkwe wake, mke wa kaka mkubwa, anamtilia sumu. Akasusa chakula, akakonda mpaka tukaogopa tutamzika. Hospitali hakutaka hata kuisikia. "Mnanitoa ili mgawane nyumba," alisema.

Ndipo muuguzi wa magonjwa ya akili akaanza kuja nyumbani kila wiki. Mimi nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mtu gani anafika kwa watu, anasimama mlangoni na kunyoosha mikono akaguliwe? Mama alimkagua mkoba, mifuko, mpaka soksi. Wiki iliyofuata, tena. Nikamnong'oneza kaka, "Huyu ana lake jambo." Lake jambo lilikuwa Mama ameze dawa, naye aliimeza, baada ya kusoma pakiti nzima na kuuliza nani kaitengeneza.

Muuguzi alimwambia na mkwe, "Usibishane naye. Onja mbele yake." Basi mkwe akawa anaonja kila mlo, huku Mama akimkodolea macho kooni mpaka ameze. Dawa ilituliza mengi, mashuka yakasahaulika, lakini hilo la sumu lilikataa kutoka. Mbele yetu mkwe hakulalamika. Jikoni alilia, nilimsikia.

Mwaka huu moyo wa Mama ulidhoofika. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mkwe alileta supu, akainua kijiko aonje kama kawaida. Mama akamshika mkono.

"Lete hapa, mwanangu. Utanimalizia supu."

Akalishwa, akanywa yote. Alifariki mchana huohuo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkwe.

Ameacha mkwe huyo, ambaye nimemtaja kwanza kwa makusudi, na safari hii kaka zangu hawakufuta kitu. Ameacha pia wana wawili, binti mmoja na wajukuu saba.

Lala, Mama. Mwenyezi Mungu akupe amani.