Msaragambo wa Mzee Eliufoo

Baada ya utumishi wa miaka kumi na minane na miezi minne, Mzee Eliufoo Mbwambo, Katibu wa Kanda ya Afrika Mashariki wa Chama cha Kimataifa cha Wapimaji wa Tovuti, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Nimeombwa kuandika mimi, karani wake, kwa kuwa Yunus, fundi wetu wa mitambo, amesema ana kazi nyingi. Ofisi ina watu watatu, kwa hiyo uchaguzi haukuchukua muda.

Wengi mnaosoma jarida hili mko Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na mmekuwa mkiuliza kwa nini ofisi ya kanda nzima iko Same. Jibu ni fupi. Wakati chama kinaanzishwa, wajumbe wa Dar walikataa kwenda Nairobi na wa Nairobi wakakataa kwenda Dar. Ikachaguliwa Same kwa sababu mabasi ya pande zote mbili yanapita hapa. Mzee Eliufoo, wakati huo mwalimu wa hisabati aliyekuwa na kompyuta yake mwenyewe, akasema kuna chumba nyuma ya duka la mbolea, kitumike kwa muda. Muda huo bado haujaisha.

Kazi yetu ni kujua watu wangapi wanaingia kwenye tovuti, wanatoka wapi na wanasoma nini. Mzee amewafundisha kazi hiyo watu zaidi ya mia nne: wa benki, wa magazeti, wa hoteli za watalii. Ndugu zake huko Mamba, milimani, wao wanajua anafanya kazi idara ya maji, maana kila wakimuuliza anasema anapima. Alijaribu kuwaeleza mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu akaanza kuwasikiliza matatizo yao ya mabomba.

Kila asubuhi alinakili namba za kwenye skrini katika daftari la kaunta, kwa kalamu, umeme uwepo usiwepo. Mimi nilipojifungua nikarudi kazini na mtoto wa miezi mitatu, ni yeye aliyelikata boksi la printa, akatandika kitenge, akasema mgeni apewe nafasi yake. Halafu akaniambia nimechelewa dakika kumi.

Mwezi Februari ilikuja barua kutoka makao makuu, Ulaya. Tovuti ya kanda yetu ilikuwa inapata wasomaji mia moja na kidogo kwa mwezi. Ikifika mwisho wa Aprili bila kupata mia tano, ofisi ya Same ifungwe na kazi zihamie kwenye kanda nyingine. Chama kinachofundisha wengine kupata wasomaji, chenyewe hakisomwi. Mzee aliisoma barua mara mbili, akaenda kusimama mlangoni. Alikuwa amebakiza miezi minne. Kustaafu ni jambo moja, na kustaafu ukaacha mlango umefungwa nyuma yako ni jambo lingine. Na sisi wawili tutakaobaki nyuma yake alikuwa anatuwaza.

Akafanya kile ambacho Mpare hufanya mfereji unapoziba: akaita msaragambo. Kwa wenzetu wa mbali, hiyo ni kazi ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu. Jumamosi ya pili ya Machi, saa tatu asubuhi, kila mtu aje ofisini na simu yake, afungue tovuti yetu na asome, kweli asome, si kufungua na kufunga. Kwa Mzee huo haukuwa udanganyifu, kwani msomaji aliyeitwa bado ni msomaji. Mimi nilinyamaza.

Walikuja watu sitini na watatu. Wengine walishuka na gari la alfajiri kutoka Mamba, wengine ni wafanyabiashara wa sokoni. Bi Asteria, mwenye duka la mbolea, alipika sufuria mbili za makande. Na ili mtu asitumie bando lake, Mzee aliandika neno la siri la waifai ya ofisi ukutani, kwa chaki, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Watu walisoma mpaka saa sita. Mzee mmoja alisoma ukurasa wa masharti ya uanachama kwa sauti, wenzake wakaitikia.

Saa sita na nusu Yunus alimwamkia Mzee shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo, ndipo nikajua kuna neno. Namba ilikuwa sifuri.

Mwaka 2011, kabla ya Yunus na kabla yangu, Mzee Eliufoo mwenyewe aliifunga mashine isihesabu mtu yeyote anayeingia kwa intaneti ya ofisi, ili tusije tukajihesabu wenyewe. Ni somo lake la kwanza katika kila semina. Amewafokea watu wa benki kwa ajili ya somo hilo.

Bi Asteria alitazama skrini, akatazama sufuria. "Baba, watu sitini wamemaliza makande yangu, na mashine yako inasema hakuja mtu?"

"Hakuja, mama."

"Basi iambie iniletee sufuria zangu zikiwa zimejaa."

Yunus alisema kile kizuizi kinaondolewa kwa dakika moja, Jumamosi ijayo turudie. Nami safari hii sikunyamaza. Nilimwambia Mzee nina mtoto, kiondolewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamchukua mtoto akambeba, akasema hapana. Kisha akawaandikia makao makuu kurasa nne: idadi ya kweli, habari yote ya msaragambo, na makande hakuyaacha.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba baadhi ya wale watu waliendelea kusoma makwao, kwa bando lao, na kuwaambia wengine. Aprili tukafika mia tatu arobaini na moja. Si mia tano. Makao makuu wakasifu ongezeko hilo, na pia kwamba msomaji wa kwetu anakaa kwenye ukurasa dakika kumi na moja. Tulifurahi siku moja. Siku ya pili Mzee akawaandikia kuwaeleza kwamba huko Mamba mtandao unasuasua, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni mtu anasubiri ukurasa ufunguke. Nilifikiria kumficha kibodi.

Jibu lilikuja kwa mistari miwili. Ofisi ya Same ibaki mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa takwimu zake zinaaminika. Na taarifa zake zifupishwe.

Mzee Eliufoo, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi hii, na kwa mwaka huu mmoja ambao wewe mwenyewe ulikaribia kutunyima mara mbili. Wewe na Mama tunawatakia afya, amani na tangawizi yenye soko huko shambani kwenu Mamba, na usingizi wa mchana ambao sisi ulikuwa unatukataza. Namba za Julai zikitoka nitakuandikia mwenyewe, ziwe nzuri ziwe mbaya. Usipige simu kuuliza.