Somo la Tatu

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili basini aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya yule kijana kati yao. Lilikuwa somo la tatu la kitabu cha lugha alichokichapisha mwenyewe. Alilirekodi jikoni, huku mwanawe akilia katikati ya salamu.

"Angepeleka kwa wachapishaji wangemrekebisha," akasema mama aliyekaa na kijana huyo.

"Wangemzungusha miaka, mama. Mimi huyu namwelewa."

"Na huyo mtoto naye unamwelewa?"

Wakacheka, hata kondakta. Kituo cha mwalimu kikafika, lakini kusema "shusha" kungemuumbua. Sauti ile sasa basi zima lilikuwa linaijua. Akatazama mlango wa nyumba yake ukipita dirishani, mwanawe yuleyule amekaa kizingitini.