Ubao wa Sargis

Kijiwe chetu kiko lango la mashariki, katika mji mdogo kaskazini mwa Dameski, na asubuhi hutukosi pale na mtungi wetu wa maji ya zabibu. Juma lililopita Warumi waliondoka, Waarabu wakauchukua mji kwa mapatano, ila mahema yao bado yako nje ya ukuta. Tangu siku hiyo Sargis, mpiga ubao wa kanisa, hajaugonga kuita watu kwenye sala. Ameufunika gunia, kaulaza juu ya mawe mawili, na sisi tumeufanya benchi. Mimi mshona viatu hukaa katikati, na aibu naiona.

— Wakiusikia watauchoma, — alisema Sargis. — Babu yangu ndiye aliyeuchonga. Nitamwambia nini?

— Hao wana kazi nyingine, — alisema Yonan mfinyanzi, tunayemwita Nimesikia. — Nimesikia alfajiri wanajipanga bega kwa bega, wanaweka paji la uso chini. Wanasikiliza ardhi. Wanatafuta dhahabu ya Warumi.

— Acha zako, — alidakia Barsauma mwoka mikate, yaani Makaa. — Watawa wetu nao husujudu. Wanatafuta dhahabu?

— Watawa hawana ngamia. Nimesikia ngamia ndio wanaonusa ilipo.

— Basi jana mmoja kanusa mikate yangu, kala saba. Sasa ni tajiri.

Sargis hakucheka.

Mara akatokea Mwarabu wa makamo, anavuta ngamia wawili. Lugha yetu aliijua kidogo, maana zamani alikuwa akileta ngozi sokoni.

— Amani kwenu, wazee. Ule ubao uliokuwa ukilia asubuhi umekwenda wapi?

Mara hii hata Nimesikia hakuwa amesikia lolote. Makaa alikaa kama kuku anayeatamia.

— Unautakia nini, ndugu yangu? — Sargis aliuliza.

— Siku zote tulizokaa nje ya ukuta, ukilia tu nawanywesha hawa. Wamezoea. Sasa nikiwapeleka kisimani wanasimama tu, wanasubiri.

— Hamtauchoma?

— Tuuchome kwa nini? Kanisa si mliachiwa kwenye mapatano?

Sargis alimtazama, akatugeukia.

— Inukeni.

Tukainuka. Aliuvua gunia, akaupangusa kwa kanzu yake, akaanza kugonga huku machozi yanamtoka. Ngamia waligeuza shingo kuelekea kisimani. Nami roho ilinitua, siku saba zote zikanishuka mabegani. Hatukuwa tena na pa kukaa, kwa hiyo mtungi tuliumaliza tumesimama.