Mzee Mugabo na Mvinyo Tulioambiwa Tusiutaje

Hili sijawahi kumwambia mtu: Kihispania changu cha kwanza nilijifunza kwenye maboksi ya mvinyo. Shule yangu hapa Saint Paul inafundisha kwa Kiingereza na Kihispania, ndiyo, lakini mimi nilianzia kiti cha nyuma cha gari la Mzee Thaddée Mugabo, akitupa lifti kuja kanisani. Nilikuwa nasoma maandishi ya maboksi matupu kimoyomoyo, maana kuongea naona haya.

Mzee Mugabo anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na mmoja katika bohari moja la mji jirani wa Eagan linaloagiza mvinyo wa Bodega Valdecorza, nyumba kongwe ya mji wa Jerez, kusini mwa Hispania. Mvinyo wao huongezewa pombe kali, kisha hulazwa kwenye mapipa miaka mingi. Pipa kongwe hupunguzwa kidogo tu, likajazwa kutoka pipa changa. Halimalizwi kamwe.

Alifika kutoka Bukavu bila kujua lolote kati ya hayo. Wiki ya kwanza aliona aina iitwayo fino, nyepesi na kavu, yaani isiyo tamu, rangi ya nyasi zilizokauka. Kisha akaona oloroso, nyeusi kama chai ya rangi. Akaamua hiyo imeharibika, akatenga mzigo mzima urudishwe Hispania. Bosi wake alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akafundishwa kwamba fino hukua chini ya utando wa hamira unaoikinga na hewa. Oloroso haina utando, na hewa ndiyo inayoipa weusi na harufu ya njugu. Amontillado huanza kama fino, utando ukifa ikaendelea na hewa. Ile tamu, nzito kama asali, ni Pedro Ximénez, ya zabibu zilizoanikwa juani.

Baadaye yeye ndiye aliyezunguka mikahawa ya Minneapolis kukagua. Akikuta fino imefunguliwa tangu mwezi uliopita, imesimama tu kaunta, humwambia mhudumu kwa Kifaransa chake cha Bukavu, "Mon petit, mwanangu, hii umeshaiua. Ingekaa friji, na imalizwe wiki hiyo hiyo." Huonja, hutema. Kumeza, hajameza hata siku moja. Ameokoka, na ahadi yake ameitunza.

Sasa hasira yangu. Jumapili ya wastaafu, kila anayestaafu huitwa mbele, kazi yake ikatajwa, akavishwa kitenge na kuombewa. Manesi wameitwa. Waliobeba maboksi kwenye maghala ya Shakopee wameitwa. Lakini Mama Nkirote, mwenyekiti wa kamati, aliniambia mimi niliyepewa kuandika ukurasa wa wastaafu wa Jumapili hii, "Rachelle, mami, andika tu warehouse. Hapa ni kanisa, si baa." Mzee alipopata habari alisema polepole, "Basi, ma fille, binti yangu, na jina langu wasilitaje." Amesema Jumapili haji.

Na ile kachumbari ya Mama Nkirote tunayoigombania kila sherehe? Inatiwa siki ya Jerez, kutoka nyumba hiyo hiyo ya mvinyo. Anayeileta ni Mzee Mugabo. Nimemsikia Mama Nkirote kwa masikio yangu: "Mugabo, dawa yangu imeisha, utaniletea lini?" Siki tunaikaribisha kanisani, aliyeileta tunamwambia afiche kazi yake. Gari lililotuchukua kwenye theluji, sisi ambao wazazi wetu hawakuwa na leseni, lilitokana na kazi hiyo. Hakuna aliyeshuka akasema hili ni gari la baa.

Mzee wetu, asante kwa lifti zote na kwa kutonilazimisha kuongea. Pumzika, magoti yapone, uwafaidi wajukuu. Na Jumapili uje, tafadhali.

Nasikia viatu vya Mama Nkirote kwenye korido ya kanisa. Anakuja kuchukua ukurasa wa kuchapa. Wiki nzima kila mtu akipita nimekuwa nikiufunika ukurasa huu kwa kitabu cha nyimbo. Sasa nimekirudisha kitabu kwenye rafu. Ukurasa uko mezani, jina la Mzee juu, kazi yake chini yake, na mlango uko wazi.