Ghalib Alitumwa Gari

Kijiwe cha Beit Shuai, huku milimani Yemen, ni jiwe moja refu lililoegemea ukuta wa duka, na wenyewe hufika mapema kuliko mwenye duka. Asubuhi ile walikuwapo wale wale watatu: Naji, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, Mudhish, aliyewahi kumponya mbuzi mmoja, tangu hapo akaitwa Tabibu, na Hizam, mwenye pikapu pekee kijijini. Ghalib alipotokea akihema, walimsogezea nafasi, wakammiminia kahawa ya maganda ya buni yenye tangawizi.

Alikuwa ametumwa na mkewe, Nuriya. Mtoto wao Rauf, wa miezi kumi, alikuwa hajanyonya tangu jana, na mbavu zake zilikuwa zikibonyea ndani kila akivuta pumzi. Katafute gari, Nuriya alimwambia, basi. Lakini huwezi kumwomba mtu gari kabla ya salamu, na salamu za Beit Shuai ni ndefu. Walipomaliza habari za mvua na za mahindi, Ghalib akasema tu kwamba mwanawe anakohoa. Hapo ndipo alipoharibu.

— Huo ni upepo, alisema Redio. Nguo za mtoto zilianuliwa baada ya magharibi. Upepo umelala humo ndani.

— Upepo haulali, wewe. Ni maziwa. Mama akila dengu zilizopoa, maziwa yanaganda kifuani mwa mtoto.

— Kwani mbuzi wako alikula dengu, Tabibu?

— Mbuzi wangu yu hai. Wa kwako yuko wapi?

Hizam akasema wote wawili hawajui kitu, huo ni mnara wa simu. Tangu usimamishwe kule kileleni unavuta hewa yote nzuri, na watoto wanaachiwa makapi. Tabibu akarudi na dawa: chuma kitiwe motoni, mtoto achomwe alama mbili chini ya mbavu, ugonjwa upate mlango wa kutokea. Redio akasema alama ni tatu. Wakaanza kugombania idadi.

Ghalib alikuwa akisikiliza, na ukweli ni kwamba maneno yale yalimpa nafuu. Ikiwa ni upepo tu, au dengu, basi hakuna haja ya kuteremka ile barabara ya mawe. Akapokea kikombe cha pili.

Hajakimaliza, Nuriya akachomoza kwenye kona na mtoto ndani ya shali. Wanawake hawaji kijiweni, kwa hiyo wanaume waliinamisha macho. Hakusalimu.

— Baba Rauf, gari liko wapi?

Ndipo wote wakamsikia mtoto: pumzi fupi fupi, na kila moja ikiishia kwa mguno mdogo. Hizam akasimama huku akipapasa ufunguo wa pikapu mfukoni.

— Mbona hukuniambia, Ghalib?

Ghalib akaweka kikombe chini. Akamfuata mkewe.

Iliwachukua saa moja na nusu kufika kituo cha afya kule bondeni. Muuguzi alimfunua Rauf kifua, akatazama saa yake dakika nzima, akahesabu pumzi sitini na sita. Alimwekea mpira wa oksijeni puani, akamchoma sindano, kisha akauliza ugonjwa umeanza lini.

— Jana, alisema Ghalib.

— Juzi, alisema Nuriya. Jana ndipo nilipokwambia.

Muuguzi akaandika juzi.

Siku ya tatu Rauf alinyonya mpaka akapitiwa na usingizi. Siku ya tano wakarudi. Kijiweni walitaka kujua nani alipatia, wa upepo, wa dengu au wa mnara. Ghalib aliwaambia ni nimonia, na kwamba muuguzi alisema wangekawia mpaka jioni wangemzika. Kisha Redio akauliza hiyo nimonia nayo inaletwa na nini, na Tabibu akajibu.

Nuriya alikuwa kisimani na wenzake. Aliwaambia mtoto akianza kubonyea mbavu wasimtume mume. Waende wenyewe kwa Hizam, wasimame mlangoni, waseme gari, na wasipokee kahawa.