Vumbi la Vikunya

Kwenye benchi la mbele ya duka la Doña Eduviges, pale safu ya miti ya mipopla inapoishia na barabara ya mlimani kuanza, wazee watatu walikuwa wakipokezana kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya huko. Eduviges ndiye aliyemimina maji ya moto. Kila mmoja alinyonya kwa mrija uleule na kurudisha, na asiyetaka tena husema asante. Don Anselmo, mmoja wa wale watatu, alinyonya, kisha akawasimulia wenzake. Asubuhi mlinzi wa hifadhi alikuwa amempa habari: vikunya, wale jamaa wa porini wa lama, wameonekana tena kule juu, mmoja ana mtoto. Akamwomba asipandishe lama wake malishoni kiangazi hiki. Lama hao walikuwa sita, wa mwisho kijijini, na huku chini nyasi hakuna. Kutowapandisha ni kuwauza. Mlinzi angepita tena mchana kuchukua jibu.

— Vikunya gani? — alisema Kipara, kofia imemfika nyusi. — Wale walimalizwa na vumbi la mgodi.

— Mgodi wapi! — alidakia Redio, ambaye hakuna umbea uliowahi kumpita. — Mgodi umekuja vikunya wameshabaki mifupa. Ni zile taa. Binamu yangu aliziona zikitua kwenye ziwa la chumvi.

— Binamu yako huona taa kila akimaliza chupa.

— Cheka tu. Taa zilishuka, kesho yake manyoya yakaanza kunyonyoka. Watu wa angani nao wanasikia baridi, bwana.

— Kwa hiyo wao wamevaa sweta, vikunya wakaachiwa upele?

— Ndivyo!

— Wewe Redio, badilisha betri, — alisema Eduviges. — Mimi nakumbuka ule mluzi wao tu. Ukifika kilimani, dume anakupigia mluzi kama mwenye nyumba.

Anselmo naye aliukumbuka. Aliikumbuka tambarare ilivyojaa vikunya, baba yake akisimamisha nyumbu wake wa mizigo ili wapite. Kila familia ya vikunya ilikuwa na kishimo chake cha kugaragara, na asubuhi vumbi lilipanda kila upande. Uzuri ule hakuwahi kuuona tena popote.

Kisha wakaja lama walioletwa na mradi wa ufugaji. Kijiji kizima kiliwatoboa masikio, kikawafunga nyuzi nyekundu za sufu, kikawasindikiza juu kwa ngoma. Lama walipofika tu walijitupa kwenye vile vishimo na kugaragara. Watu walipiga makofi. “Wamepokewa kama ndugu!” alishangilia marehemu mkewe. Havikupita viangazi vingi, vikunya wakawa wanajikuna kwenye mawe hadi damu.

Lori la mitungi ya gesi lilisimama. Dereva alikuwa mgeni, ndiyo kwanza anafika huku. Eduviges alimpa kibuyu, naye akakaa pembeni akiwasikiliza wakirudi kwenye mgodi, kwenye taa, hadi kwenye laana ya askofu fulani.

— Samahani, wazee wangu, — alisema. — Huo upele, nani alianza kuugua? Vikunya, au lama wenu?

Kipara alishusha kofia zaidi. Redio alikosa mawimbi. Eduviges alimimina maji taratibu, kibuyu kikamfikia Anselmo. Alinyonya hadi mrija ukakoroma, akakirudisha.

— Asante.

— Asante ya nini, Don Anselmo? Bado kina ladha.

— Asante, mama.

Aliinuka, mkono kiunoni, akamgeukia dereva.

— Ukishusha mitungi, lori lako litabeba lama sita?

— Litabeba, mzee. Tunawapeleka wapi?

— Bondeni, mnadani, — alisema Anselmo. — Uwapakie taratibu. Yule ambaye bado ana uzi mwekundu alikuwa wa mke wangu.